Punje Elfu Saba

Risasi ya pili ilitoa sauti ya mtu aliyebanwa na kikohozi msikitini.

Ilikuwa mwaka 1990, mwaka ambao Ziwa Babati lilijaa likaingia mjini, nami nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikuwa juu ya dungu katikati ya shamba la Mjomba pale Nakwa, nimeshika tochi ya betri tatu, na chini yetu kundi la nguruwe pori lilikuwa likivunja mabua kwa starehe. Risasi ya kwanza ililia kama risasi, ikawapita juu ya migongo. Wakatimka, wakarudi. Nguruwe pori akishaonja hindi bichi haoni tena haya. Mjomba akakoki, akatulia, akavuta. Ndipo tukasikia kile kikohozi, na harufu ya baruti iliyoungua nusu ikatujia puani.

"Piga tena, Mjomba! Wako palepale!"

Hakupiga. Aliizima tochi mkononi mwangu, akaishusha bunduki taratibu, akailaza juu ya mbao za dungu, mdomo wake ukitazama shambani.

"Haikulia vizuri," alisema.

Basi. Tukakaa gizani tukiwasikiliza nguruwe wakila mahindi ya mtu mwenye bunduki, mwenye risasi nne mfukoni, asiyepiga. Nililia kwa hasira mpaka usingizi ukanichukua.

Bunduki ile ilikuwa raifo, ya aina ambayo wawindaji huiita thati-o-siksi. Thelathini ni upana wa tundu la mtutu, sehemu thelathini za mia za inchi. Na sita ni mwaka 1906, ambao jeshi la Marekani liliipokea risasi hiyo. Mjomba aliipata kwa njia ndefu. Serikali ilifunga uwindaji nchi nzima mwaka 1973, ikaufungua tena mwaka 1978, na ulipofunguliwa, kambi za Simanjiro zilihitaji vijana wanaojua kusoma ardhi. Mjomba akawa traka. Alikuwa akishuka kwenye gari, anainama, anagusa unyayo wa nyati kwa mgongo wa kidole, anasema huyu amepita kabla ya umande. Kazi hiyo aliifanya mpaka goti lilipomkataa, akarudi Nakwa kulima mahindi na mbaazi. Mkulima mmoja aliyekuwa anahama akamuuzia ile raifo kwa kibali halali, muhuri juu ya muhuri.

Kununua bunduki ni mara moja. Risasi ndiyo ndoa. Zilipatikana Arusha, na kiboksi cha ishirini kilikuwa kikimgharimu Mjomba karibu sawa na mbuzi. Kwa hiyo hakununua kiboksi, alinunua tano, alinunua sita, zikaandikwa kwenye kitabu chake cha leseni, akazifunga kwenye kitambaa kama mwanamke anavyofunga pesa kwenye pindo la kanga. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kuyaokota maganda. Risasi ikishalia, ganda la shaba nyeupe linaruka upande wa kulia, la moto, linazama kwenye majani, na huruhusiwi kurudi nyumbani bila hilo. Aliyapanga kwenye kopo la kahawa. Nilidhani anayahifadhi kwa ajili ya kumbukumbu. Kumbe alikuwa anasubiri mtu wa kuyajaza.

Mtu huyo alipatikana. Alikuwa fundi wa magobore, wala sitamtaja. Mwenye kulima miaka ile alijua mtu kama huyo, kila upande wa wilaya ulikuwa na wake. Mjomba alimpa maganda sita, yakarudi baada ya wiki moja yamesuguliwa kwa majivu mpaka yanang'aa, kila moja na kichwa chake. Bei yake ilikuwa robo ya ile ya Arusha. Nakumbuka Mjomba alivyozigeuzageuza kwenye kiganja, furaha na wasiwasi vimegawana uso. Alijua kwamba jambo lile halina ruhusa. Alijua pia ada ya shule ni ya mwezi gani.

Asubuhi baada ya ule usiku wa dunguni alifungua bunduki, akaelekeza mtutu kwenye jua, akachungulia kwa nyuma. Kisha akanipa mimi nichungulie. Nilizoea kuona duara la mwanga na mifereji ikizunguka ndani yake kama mistari ya konokono. Safari hii niliona giza. Kichwa cha ile risasi ya pili kilikuwa kimekwama njiani, kipimo cha shubiri kutoka chumba cha risasi. Baruti ilikuwa kidogo mno, au imelowa, au ilikuwa ile ya gobore isiyohusiana kabisa na raifo; ilikuwa na nguvu za kukisukuma kichwa kiingie mtutuni na haikuwa na nguvu za kukitoa. Laiti Mjomba angenisikiliza akapiga ya tatu, ingemkuta mwenzake amelala mlangoni. Mtutu ungepasuka kama muwa uliotafunwa, na uso wake ulikuwa pale pale, umeegemea mbao.

Aliipeleka bunduki polisi. Sikuambiwa alieleza nini huko wala alijibiwa nini. Wakati ule mtoto hakuulizwa, wala hakuuliza. Najua alirudi jioni akiwa na bunduki, bila zile risasi nne, na kile kichwa kilichokwama amekitia kwenye kopo lake la ugoro.

Miaka ishirini na moja baadaye nilikuwa Duluth, mji wa bandari kaskazini ya Minnesota, kwenye Ziwa Superior ambalo mtu wa Babati akiliona mara ya kwanza hukataa kuliita ziwa. Nilikuwa natengeneza magari makubwa ya kuondoa theluji. Karakana nzima, kuanzia mwezi wa kumi, haikuwa na mazungumzo mengine ila kulungu wao wa mkia mweupe. Msimu wa bunduki hufunguliwa mwanzoni mwa Novemba, na watu wazima wenye wajukuu huhesabu siku kama watoto wanavyoingoja Idi. Nilikuwa nimekwisha kupata ukaazi wa kudumu, kwa hiyo sheria ya kule iliniruhusu kumiliki bunduki. Nilinunua iliyotumika. Muuzaji aliponiuliza ya aina gani, mdomo wangu ulijibu kabla yangu: thati-o-siksi.

Nikakutana na mbuzi wa Mjomba. Kiboksi cha risasi ishirini dola thelathini. Mimi, ambaye nilikuwa natuma pesa nyumbani kila mwisho wa mwezi, nikasimama dukani nikigawa thelathini kwa ishirini. Dola moja na nusu kila nikivuta kidole.

Mzee mmoja wa karakana, mjukuu wa wahamiaji kutoka Ufini kama walivyo wengi wa upande ule, aliniambia nisiyatupe maganda. Alikuwa anajaza mwenyewe tangu ujana wake. Chumba chake cha chini ya nyumba kilikuwa na meza ya mbao nzito, na juu yake mashine ya mkono mmoja iliyofungwa kwa boliti, mfano wa ile ya kukamulia ndimu, ila ya chuma na ya kilo kadhaa. Nilimweleza kwamba nataka kubana matumizi. Alicheka kwa namna ambayo sikuielewa mpaka mwaka wa tatu.

Kabla ya kunionyesha mashine alinionyesha kitabu. Ni kitabu cha vipimo, kinachochapishwa na watengenezaji wa baruti na wa vichwa baada ya kupima kwenye maabara yao: kwa ganda hili, kichwa cha uzito huu na baruti ya jina hili, anza hapa na usivuke hapa. Alinipa nikisome wiki mbili, na alikataa kabisa kuniuzia neno lolote la kichwani mwake. "Usichukue kipimo kutoka mdomoni mwa mtu," aliniambia, "hata mimi." Nilimkumbuka yule fundi wa Nakwa, ambaye kipimo chake chote kilikuwa mdomoni.

Wengi hudhani risasi ni kitu kimoja. Ni vitu vinne vilivyokubaliana. Kuna ganda la shaba nyeupe, kuna fataki iliyo kitakoni, kuna baruti, kuna kichwa. Pini ya bunduki inagonga fataki, fataki inatema moto ndani ya ganda, baruti inaungua na kugeuka gesi, gesi inasukuma kichwa. Katika vinne hivyo ganda peke yake hurudi nyumbani, na ndilo lenye gharama kubwa kulitengeneza. Ndiyo maana anayejaza upya anaokoa. Lakini ganda likishapigwa huvimba likachukua umbo la chumba cha bunduki, kwa hiyo inabidi lirudishwe kwenye kimo chake kwa kulipitisha ndani ya kalibu ya chuma, na fataki iliyokufa isukumwe nje. Hurefuka pia, kidogo kidogo, kama bibi anavyosema mtoto anarefuka usiku; unalipima, ukikuta limezidi unalikata. Likijazwa mara nyingi shingo yake hukakamaa ikapasuka, na karibu na kitako hutokea mviringo unaong'aa, dalili kwamba limechoka kwa ndani na siku moja litakatika vipande viwili chumbani. Hilo unalitupa, hata kama linakuuma.

Hapo pana kichekesho ambacho mzee yule alikipenda. Fataki ziko za namna mbili. Moja ilibuniwa na Mmarekani, Hiram Berdan. Nyingine na Mwingereza, Edward Boxer. Ile ya Mmarekani ikapendwa Ulaya, ile ya Mwingereza ikapendwa Marekani. Ganda la Boxer lina tundu moja katikati, sindano inapita, fataki inatoka. La Berdan lina vitundu viwili pembeni, na kuitoa fataki yake ni kazi ya kukatisha tamaa. Nilikaa nikayafikiria maganda ya kopo la kahawa. Mengine Mjomba aliachiwa na wageni wa Ulaya, mengine na Wamarekani. Yule fundi alichokonoa yote sawasawa.

Kisha mizani. Baruti haipimwi kwa kijiko wala kwa jicho, hupimwa kwa kipimo ambacho Waingereza walikirithi kutoka kwenye uzito wa punje ya shayiri, na mpaka leo jina lake ni hilohilo, punje. Punje elfu saba zinafanya ratili moja. Nilipoambiwa hivyo nilicheka peke yangu, maana bibi yangu alikuwa akinunua sukari kwa ratili hadi siku ya kufa kwake, na hakuna aliyemweleza kwamba ndani yake mna punje elfu saba. Risasi ya thati-o-siksi hula baruti kama punje hamsini na tano, sawa na gramu tatu na nusu. Tofauti ya punje mbili tatu, uzito wa mbaazi moja, yaweza kuwa tofauti ya risasi tulivu na risasi inayoing'ang'aniza bunduki ishindwe kufunguka.

Kuna masharti ya meza ile ambayo niliyashika kama mtu anavyoshika masharti ya mganga. Chupa moja tu ya baruti mezani, nyingine zote kabatini, kwa sababu baruti zinafanana kama mchele na mchele ila moja inaungua haraka na nyingine polepole, na kuzichanganya ni kujichimbia. Redio izimwe. Simu ibaki juu. Ukiitwa chakula ukiwa katikati, maganda yaliyokuwa mkononi yamwagwe, uanze upya. Mikono ioshwe kabla ya kugusa mkate, maana kuna risasi ya kweli, ile madini, kwenye vumbi la kazi hii. Na kila kundi liandikwe: tarehe, baruti, uzito, kichwa, ganda limepigwa mara ya ngapi.

Na tochi. Maganda hamsini yakishatiwa baruti yanasimama kwenye ubao wenye matundu, midomo juu, na kabla ya kuyawekea vichwa unamulika moja moja kwa tochi uone kina cha baruti. Lililo tupu litaonekana. Lililopata mara mbili litaonekana pia, kama halikukwisha kufurika. Mzee alianza kunieleza kwa nini ganda tupu ni baya kuliko linavyoonekana: fataki peke yake ina nguvu za kukisukuma kichwa kiingie mtutuni kikwame, mpigaji asikie mlio mdogo, adhani risasi imekataa, akoki tena…

"Asikoki," nilimwambia. "Kama haikulia vizuri, asikoki."

Aliniuliza nimesoma wapi. Nikamwambia nilisomea juu ya dungu, darasa la tano. Neno dungu lilinichukua nusu saa kulieleza.

Sasa hesabu ya wakati ule, kwa kuwa ndiyo iliyonipeleka pale. Kichwa kimoja senti thelathini na tano. Fataki senti nne. Ratili ya baruti dola thelathini, inatoa risasi zaidi kidogo ya 120, kwa hiyo senti ishirini na nne. Jumla senti sitini na tatu dhidi ya dola moja na nusu ya dukani. Kila risasi naokoa senti themanini na saba. Niliiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari na kuipigia mstari. Lakini mashine, kalibu, mizani, kipimio cha urefu, kikatio, vilinigharimu kama dola 350, na hapo mzee alinigawia vingine bure. Gawanya. Ni lazima nipige risasi mia nne kabla sijaokoa hata senti moja.

Leseni yangu ilinipa kulungu mmoja kwa mwaka. Kulungu mmoja ni risasi moja. Ukiwa mkweli, mbili. Ongeza za kuhakikisha bunduki inalenga sawa kabla ya msimu, tuseme kumi na tano. Kwa mwendo huo faida ingeanza kuonekana nikiwa na miaka hamsini na sita.

Kwa hiyo nilifanya kile wanachofanya wote: nikaongeza kupiga. Kila Jumamosi shabaha. Risasi ni rahisi, si ndiyo? Kufika mwaka 2013 nilikuwa napiga mia sita kwa mwaka, na kwenye daftari, safu ya "nimeokoa" ilikuwa inapanda vizuri sana, na akaunti ya benki ilikuwa inashuka. Mwaka uleule hofu ya sheria mpya za bunduki iliwafanya Wamarekani wafagie maduka. Rafu za fataki zikawa tupu kwa miezi. Nami nikajikuta nimesimama kwenye foleni saa kumi na mbili asubuhi, baridi nyuzi ishirini chini ya sifuri, ili nipate kipakiti cha fataki mia moja kwa bei ambayo zamani ningenunulia mbili. Kwenye foleni ile ndipo nilipokielewa kicheko cha mzee. Aliniona nyuma yake, akanipungia mkono.

Sisemi nilipoteza. Nilipata vitu ambavyo havikuwa kwenye hesabu: mikono iliyotulia, tabia ya kuandika, risasi iliyoitoshea bunduki yangu kuliko yoyote ya dukani, na urafiki wa yule mzee ambaye alinizidi miaka arobaini. Lakini mtu asinidanganye, nami nisimdanganye, kwamba nilianza kujaza risasi nikaokoa pesa.

Majira yaleyale ya baridi, maktaba ya Duluth ilinipa kitabu cha kumbukumbu za Paul von Lettow-Vorbeck, yule kamanda wa Wajerumani wa Afrika Mashariki. Nilikichukua kwa ajili ya vita, nikakuta kuna meza ya kujazia risasi. Aprili 1915 meli ya Wajerumani iliyojificha kwa jina la Kidenmaki, Kronborg, ilifika Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikiwa imesheheni bunduki na risasi. Manowari ya Waingereza ikaishambulia, nahodha akaizamisha mwenyewe kwenye maji mafupi, na Waingereza wakaondoka wakidhani kazi imekwisha. Wajerumani na watu wetu wakapiga mbizi wakautoa mzigo. Risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi. Hakuna duka, hakuna meli nyingine ya uhakika. Basi zikafunguliwa moja moja, vichwa vikang'olewa, baruti ikaanikwa, nyingine zikatiwa fataki mpya, zikafungwa tena. Hata hivyo baadhi zilikataa.

Nilifunga kitabu nikaangalia theluji dirishani. Waliozifungua moja moja kwa mikono hawakutajwa majina, na si mikono yote hiyo iliyokuwa ya Wajerumani. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 1916, vita vile vilipita kwetu. Wapanda farasi wa Jenerali Jacob van Deventer, kutoka Afrika Kusini, walishuka kutoka Lolkisale wakaichukua Ufiomi, nchi ya Wagorowa, wakaendelea hadi Kondoa Irangi, farasi wakifa nyuma yao katika mvua za masika. Mjomba aliwahi kulima akafukua ganda la kijani lililooza, akalitia kwenye kopo pamoja na yake. Labda lilikuwa la Mwingereza, labda la Mjerumani, labda lilipata kulowa Manza likaanikwa. Kuna kujaza kwa sababu dukani ni ghali, na kuna kujaza kwa sababu duka halipo. Wajerumani walikuwa hawana hiari. Mjomba alikuwa katikati. Mimi nilikuwa na mapenzi.

Nilirudi Nakwa Septemba 2017. Babati ilikuwa imejaa mbaazi na huzuni. Mwezi uliotangulia India, ambayo ndiyo mnunuzi wetu, ilikuwa imewekea kikomo mbaazi kutoka nje, bei ikaanguka, na magunia yalikuwa yamepangwa hadi sebuleni. Nilimkuta Mjomba ameketi juu ya moja.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, Mjomba," alinijibu, maana kwetu jina hilo hurudishwa. "Umekuja kununua mbaazi?"

Alikuwa amekonda, goti limekuwa mti. Bunduki alikuwa nayo bado. Mwaka uliotangulia, serikali ilipotangaza uhakiki wa silaha, alipanda bodaboda akaipeleka ikahakikiwe, imefungwa kwenye blanketi, kibali mfukoni, na aliponisimulia alisisitiza kwamba askari kijana aliusifia mtutu wake. Siri ya mtutu ni maji ya moto. Risasi nyingi za zamani zilikuwa na fataki zinazoacha chumvi, na chumvi hiyo hula chuma kama kutu ya bati la pwani. Kambini alifundishwa kumimina birika la maji yanayochemka mtutuni kila baada ya kupiga, kisha kuupaka mafuta. Risasi za siku hizi hazihitaji. Nilimwambia. Akaendelea kumimina.

Usiku nilimweleza yote: mashine, kalibu, kitabu cha vipimo, maganda hamsini kwenye ubao, tochi. Alisikiliza akiwa amefumba macho, kama anavyosikiliza taarifa ya habari. Nilikuwa na wazo na niliona aibu kulitoa, kwa hiyo nililizungusha. Kwamba kitu hiki kikifanywa kwa haki, na kipimo, si kama cha yule fundi. Kwamba huenda mtu akaomba…

"Sheria inasemaje?"

Inasema wazi. Sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 hairuhusu mtu kutengeneza risasi bila leseni, na leseni hiyo haikuandikwa kwa ajili ya mkulima wa mbaazi wa Nakwa mwenye mashine ya mkono jikoni. Kutengeneza risasi ni kazi ya Shirika la Mzinga, Morogoro. Nilipokuwa Duluth jambo hili lilikuwa likiniudhi. Pale kwenye magunia, nikiwa nimezingirwa na kumbukumbu ya kile kikohozi, sikuweza kuutetea udhia wangu. Kule nilikuwa na vitabu vilivyopimwa, baruti yenye jina kwenye chupa, fataki za kiwandani, na mzee aliyekuwa akinipiga mkono nikikosea. Kosa kimoja kati ya hivyo vinne, na unabaki na fundi wa magobore mwenye mizani nzuri.

"Umeokoa ngapi?" aliniuliza.

Nikamwambia kweli. Alinitaka nirudie ile ya risasi mia sita kwa mwaka. Nilirudia. Akaingia ndani akichechemea, akarudi na kitabu cha leseni, akavaa miwani, akapitisha kidole. Tangu mwaka 2008 hadi siku ile, miaka tisa, alikuwa amepiga risasi kumi na moja. Alizikumbuka zote, akanisimulia sita kabla usingizi haujanishika: ile ya nguruwe jike kwenye shamba la jirani, ile iliyompata mbwa mwenye kichaa, zile mbili za hewani siku viboko walipotoka ziwani wakaingia kwenye mahindi na bwana wanyamapori yuko mbali. Mimi sikumbuki hata mia moja katika zangu elfu tatu.

Mashine nilikwisha kuiuza. Mizani nilikuja nayo, ndogo ya betri, nimeileta kwa shangazi anayeuza iliki na karafuu. Asubuhi Mjomba aliikuta mezani, akauliza inapimaje. Nikamwonyesha, nikaiweka kwenye kipimo cha punje. Akatoa kopo la ugoro mfukoni, akalifungua, akalikung'uta, na kile kichwa kikaanguka kwenye sahani ya mizani, ubavu wake bado una mikwaruzo ya mtutu, kimekuwa cheusi kwa miaka ishirini na saba ya tumbaku.

179.6.

"Punje?" aliuliza.

"Punje."

Alikitoa. Akachota mbaazi kwenye gunia alilokalia, akachagua moja kwa ncha za vidole kama anayechagua mbegu, akaiweka. Tukainama wote wawili. Mbili na tatu. Akaongeza ya pili, akaongeza ya tatu, midomo inamchezacheza, na kufika ya thelathini nilijua kwamba hataacha mpaka zilingane na kile kichwa, nikamwita shangazi asubiri na iliki zake.